Nani Kasema? Chanjo ya Korona Katika Ukanda wa Dhahabu

Msikilizaji, tarehe 27 Januari 2021 Rais John Magufuli alikuwa nyumbani kwao Chato, mkoani Geita, akizindua shamba la miti la Serikali. Katikati ya hotuba akahamia kwenye korona. Akasema chanjo hazifai, na akatoa hoja ambayo hata mtoto angeweza kuibeba hadi nyumbani: kama wazungu wana uwezo wa kupata chanjo upesi namna hii, mbona ya UKIMWI haijapatikana? Mbona malaria na saratani bado zinaua? Siku tano baadaye Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, akaeleza kwamba wizara haina mpango wa kupokea chanjo ya ugonjwa huo.

Ikapita miezi sita. Tarehe 28 Julai 2021, Ikulu ya Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera, na waziri wa afya alikuwa yuleyule. Shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX, ilikuwa imetua siku nne kabla.

Sasa mfikirie mtu wa Kharumwa. Redio ileile, Serikali ileile, wizara ileile. Januari aliambiwa chanjo ni hatari, Julai akaambiwa ni kinga. Akiuliza "tumwamini nani?", je, huyo ni mjinga?

Kharumwa ni makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale, mkoa huohuo wa Geita, jirani na Shinyanga. Ni nchi ya mpunga, pamba, ng'ombe na dhahabu. Wakati wa janga, na hata baadaye, wengi waliozungumzia maeneo kama haya walikuwa na jibu moja tayari mfukoni: watu wa vijijini hawana elimu, ndiyo maana wanakimbia chanjo. Jibu hilo si la kweli. Ubaya wake mkubwa ni kwamba linamfanya mtaalamu apaze sauti pale alipopaswa kukaa chini na kusikiliza.

Ushahidi upo kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na kwa miaka mingi takriban watoto tisa kati ya kila kumi nchini wamekuwa wakipata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga. Mafanikio hayo yaliletwa na mamilioni ya akina mama, wengi wao wa vijijini, waliobeba watoto mgongoni kilomita nyingi, wakapanga foleni, wakarudi tena tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mayu wa Nyang'hwale aliyemchanja mtoto wake dhidi ya surua hana ugomvi na sindano.

Tena si za watoto wachanga tu. Mwaka 2010 na 2011 watafiti waliwachanja wasichana wa shule za msingi jijini Mwanza dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wakati ule chanjo hiyo ilihitaji dozi tatu, na takriban robo tatu ya wasichana walizimaliza zote. Wazazi hawakukosa wasiwasi. Uliokuwa mzito zaidi ni ule wa ugumba: binti yangu akichanjwa, atazaa kweli? Lakini walimu walieleza, wauguzi walieleza, wazazi wakauliza maswali kabla ya siku ya chanjo badala ya baada yake. Mwaka 2018 chanjo hiyo ikaenea nchi nzima.

Kwa hiyo swali la Kharumwa mwaka 2021 lilikuwa la aina nyingine. Kwa nini watu walewale waliozoea chanjo walisita mbele ya hii?

Tuanze na aliyesema. Kwa watu wa ukanda huu, Magufuli hakuwa rais wa kwenye picha ukutani. Alikuwa mtoto wa nyumbani, anayechomekea Kisukuma kwenye hotuba na kucheka na wazee. Alikuwa pia na rekodi ambayo huku ilionekana kwa macho. Machi 2017 alizuia mchanga wa madini, makinikia, kusafirishwa nje. Mgodi wa Bulyanhulu, wa kampuni ya Acacia, uliokuwa kiini cha sakata hilo, uko Shinyanga, jirani kabisa na Nyang'hwale. Kamati mbili ziliundwa, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro. Acacia ikadaiwa kodi na faini za dola bilioni 190 za Marekani. Mwisho wake Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi katika Acacia, ikakubaliana na Serikali kuunda kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Tanzania ina hisa asilimia 16.

Mtu anaweza kubishana kuhusu hesabu zile hadi asubuhi. Kilichobaki kichwani mwa mchimbaji mdogo ni kitu kimoja: miaka yote wazungu walituambia hakuna wizi, huyu peke yake akasema upo, na wakakaa mezani. Sasa mtu huyohuyo anasimama Chato na kuonya juu ya kitu kingine kinachotoka kwa wageni haohao. Ukiwa umeshamwamini kwenye dhahabu, kwa nini usimwamini kwenye chanjo? Hoja yake ilikuwa na kasoro kubwa ya kisayansi. Virusi vya UKIMWI hubadilika mno na hujificha ndani ya chembe zilezile za kinga, wakati virusi vya korona vina umbo ambalo wanasayansi walikuwa wamelichunguza tangu ugonjwa wa SARS wa 2003. Lakini nani alikuja Kharumwa kulieleza hilo kwa lugha ya watu?

La pili ni ukimya. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Kufikia mwanzoni mwa Mei takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikusogea tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mei hiyohiyo Rais alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa siri na baadhi zikakutwa na virusi, na mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi. Tangu hapo habari za ugonjwa zikawa za minong'ono: fulani kafa kwa nimonia, fulani kashindwa kupumua. Maaskofu Katoliki walitoa waraka wa tahadhari Januari 2021, na tarehe 17 Februari Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki dunia baada ya chama chake kutangaza kuwa ana korona. Hata hivyo, ugonjwa usiohesabiwa ni rahisi kuuona kama haupo. Na mtu hachanjwi dhidi ya kitu ambacho ameambiwa kimekwisha kwa maombi.

Hapa panahitaji kauli ya wazi. Kufungia takwimu lilikuwa kosa kubwa la afya ya umma kuliko uvumi wowote uliozuka baadaye. Uvumi haukuvunja mlango, uliukuta wazi. Mwenye duka la dawa, mwenyekiti wa kitongoji, katekista, imamu, wote hawa wangeweza kuwa walimu wa majirani zao, lakini hawakuwa na namba ya kushika mkononi.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika na wanaotazama kwa mbali: mizani ya hatari kwa mchimbaji. Kijana anayeshuka kwenye duara kwa kamba, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo ya Geita na Shinyanga, anajua kifo kwa jina. Januari 2017, kwenye mgodi wa RZ Union huko Geita, watu 15 walifukiwa na kifusi wakakaa chini siku tatu kabla ya kuokolewa wakiwa hai. Taifa zima lilishangilia. Yapo maduara mengi ambayo mwisho wake haukuwa huo. Juu ya hayo weka vumbi la mwamba linalokaa mapafuni, kifua kikuu, na zebaki inayochomwa kwenye mialo ili dhahabu ibaki. Mtu anayeishi na hatari hizo kila siku, ukimwambia kuna ugonjwa unaoua zaidi wazee na wenye kisukari na shinikizo la damu, atakusikiliza kwa heshima kisha atarudi kwenye karasha. Na dozi za kwanza zilielekezwa kwa watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwa sababu dozi zilikuwa chache. Kwa kijana wa miaka 25, ujumbe aliousikia ni kwamba hii haimhusu.

Mwaka 2014 kamati ya wataalamu inayolishauri Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo ilitoa ripoti kuhusu watu kusita kuchanjwa. Walitaja imani, yaani kumwamini anayechanja na anachochanjia. Kuuona ugonjwa kuwa hatari au kutouona hivyo. Na urahisi wa kuipata chanjo yenyewe. Ripoti ile haikuandikwa kwa ajili ya Nyang'hwale, lakini msikilizaji wa huku ataona mambo yote matatu yalivyokutana mlangoni pake.

Urahisi ndio unaopuuzwa zaidi. Chanjo ilipoanza, vituo vilikuwa 550 kwa nchi nzima, na watu walihimizwa kujiandikisha mtandaoni. Kwa mfanyakazi wa Masaki hilo ni jambo la dakika tano. Kwa mkulima wa kata ya Nyugwa au Nyijundu ni nauli ya bodaboda, siku nzima bila kazi, na simu ya kuazima. Kisha, kabla ya kuchanjwa, alipewa fomu ya ridhaa aisome na kuisaini. Nia ya fomu ilikuwa njema, kwani chanjo ilikuwa ya hiari na mtu ana haki ya kukubali kwa akili yake. Lakini nchi hii watu wanasaini karatasi za namna hiyo mara chache sana, na mara nyingi ni kabla ya upasuaji. Watoto wamechanjwa miaka yote bila saini. Iweje hii itake saini? Aliyekuja na wasiwasi mdogo aliondoka na mkubwa.

Ndipo uvumi ukapata kazi. Ukichanjwa utakufa baada ya miaka miwili. Utakuwa na sumaku begani. Utageuka zombi. Hutazaa. Mengi ya haya hayakuzaliwa Geita. Yalitoka Ulaya na Marekani, yakatafsiriwa, yakapita kwenye WhatsApp hadi vijiweni. Lakini si kila mbegu ya uvumi huota mahali pote. La sumaku lilichekesha. La ugumba liliuma, kwa sababu huku mtoto ni mkono wa shambani, ni jina la babu, ni heshima ya mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe. Hofu hiyo si ya Wasukuma peke yao. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake imetiwa kitu cha kuzuia mimba, na Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Anayetaka kuijibu hofu hii aanze kwa kukubali kwamba inagusa kitu cha thamani. Muuguzi anayemcheka mama anayeuliza kuhusu uzazi amempoteza mama huyo, na binti zake, na wakwe zake.

Viongozi wa dini walisimama pande zote. Askofu Josephat Gwajima, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Kawe, alihubiri dhidi ya chanjo kanisani kwake Dar es Salaam, na Agosti 2021 Bunge likamsimamisha kuhudhuria mikutano miwili. Adhabu ile haikubadilisha mawazo ya waliokuwa wakitazama mahubiri yake kwenye simu. Kilichofaa zaidi ni kazi ya mashehe na wachungaji waliochanjwa hadharani mbele ya waumini wao, bila kelele, wakaonekana Ijumaa na Jumapili iliyofuata wakiwa wazima.

Waganga wa jadi nao hawapaswi kuachwa nje ya hesabu hii. Usukuma una historia ndefu ya dawa za kinga: mchimbaji hutafuta dawa kabla ya kuingia duara jipya, na wachezaji wa ngoma za Wagika na Wagalu wamekuwa wakishindana kwa nguvu za dawa kwa vizazi. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kujikinga kabla hatari haijafika ni jambo linaloeleweka mno. Mwaka 2020 nyungu ilifukizwa karibu kila nyumba. Baadhi ya watu wa afya waliona hapo upinzani, wakataka mtu achague. Mtu wa Kharumwa haoni sababu ya kuchagua. Anafukiza asubuhi na kwenda zahanati mchana. Aliyesema "endelea na nyungu yako, lakini njoo na huku" alipata wateja.

Majirani wetu walipitia hayohayo. Desemba 2020 Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kilichapisha matokeo ya uchunguzi katika nchi 15, Tanzania haikuwamo. Kwa jumla watu 79 kati ya 100 walisema wangekubali chanjo ya korona ikithibitishwa kuwa salama. Ethiopia ilikuwa juu kwa asilimia 94, Kongo chini kwa asilimia 59. Aprili 2021 Kongo ililazimika kuachia dozi milioni 1.3 kati ya milioni 1.7 za AstraZeneca ilizopewa, zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Miaka michache kabla, wakati wa Ebola mashariki ya nchi hiyo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, Septemba 2018. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Ni kama thuluthi moja tu waliowaamini viongozi wao wa mahali pale, na wasiowaamini ndio waliokuwa wagumu kukubali chanjo. Ikumbukwe kwamba watu hao walikuwa wameishi miaka mingi katikati ya mauaji huku hakuna aliyekuja kuwalinda. Ghafla magari meupe yakafurika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wangewezaje kutouliza?

Kilichobadilisha hali Tanzania hakikuwa hotuba moja. Septemba 2021 Serikali ilianzisha mpango shirikishi na harakishi wa chanjo, na hapo kazi ikashuka ngazi: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nyumba kwa nyumba. Chanjo ikafuata watu minadani, stendi, makanisani, misikitini, mashambani. Vituo vikaongezwa kutoka mamia hadi maelfu. Ummy Mwalimu akarudi Wizara ya Afya kama waziri Januari 2022, wakati waliokamilisha chanjo walikuwa hawajafika hata asilimia 4 ya wananchi. Mwaka ulipoisha, karibu nusu ya Watanzania wote walikuwa wamechanjwa kikamilifu. Ni mojawapo ya mabadiliko ya kasi zaidi barani, na yalifanywa na nchi ambayo miaka miwili kabla haikuwa hata kwenye foleni.

Kwa ukanda wa dhahabu, Janssen ilikuwa na faida isiyozungumzwa vya kutosha: ilikuwa dozi moja. Wachimbaji wadogo hawakai. Rashi ikisikika Nyarugusu leo, kesho kambi nzima imehama, na wiki ijayo wako Kahama. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia arudi baada ya siku 28. Unamkuta mnadani au kwenye mwalo jioni, anachanjwa, kazi imekwisha. Na anayemchanja akiwa mhudumu anayemjua, aliyempimia malaria mwaka jana na kumwita "ngosha" kama wanavyoitana watu wa nyumba moja, nusu ya maswali yameshajibiwa kabla sanduku la baridi halijafunguliwa.

Msikilizaji, haya si historia ya kufungia kabatini. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg uliripotiwa Biharamulo, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Chato. Katikati ya mwezi huo Wizara ya Afya ilisema sampuli hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari, Dodoma, Rais Samia akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza mwenyewe kwamba upo. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, wagonjwa wote 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walikuwa wamefariki. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa. Siku itakapopatikana, ukanda huu utakuwa miongoni mwa watakaoihitaji mapema.

Kwa hiyo ombi kwa Wizara ya Afya, na kwa waganga wakuu wa mikoa ya Geita, Shinyanga na Kagera, ni hili: mlipuko mwingine ukitokea, tangazeni namba tangu wiki ya kwanza, hata zikiwa mbaya, na mzitangaze kupitia redio za huku, kwa Kiswahili na Kisukuma. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipwe posho zao kwa wakati na waendelee kutembelea nyumba hata pasipo na janga, ili siku wakija na sanduku la chanjo wasiwe wageni. Nawe msikilizaji wa Kharumwa, Nyijundu au Bukwimba, ukiwa na swali kuhusu chanjo yoyote, ya mtoto wako au yako mwenyewe, nenda zahanati ukaulize kabla ya siku ya kuchanjwa. Kujibiwa ni haki yako.